Hifadhi, Rudufu, Chelezo au Akiba? Uhakiki wa Istilahi za Kunusuru Data katika Kompyuta za Nyumbani

Makala haya yanakusudia kuzipima istilahi nne zinazotumika hivi sasa kutaja jambo moja, yaani kitendo cha mwenye kompyuta kutunza nakala ya kazi zake mahali pengine, ili kompyuta ikiharibika, ikiibwa au ikiungua, kazi hizo zipatikane tena. Istilahi hizo ni hifadhi, nakala rudufu, chelezo, na neno la mitaani bakapu. Zote nne huonekana katika programu, katika miongozo na katika vinywa vya mafundi. Hoja yetu ni kwamba tatu za kwanza hazimwelezi mtumiaji analotakiwa kulitenda, na ya nne haimwelezi neno lolote asiyejua Kiingereza. Tena twasema kwamba Kiswahili kina neno la tangu zamani, linalofahamika mjini na shambani, ambalo wafasiri wamelipita bila kulitazama.

Mkoa wa Singida twautumia hapa kama mizani yetu. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, uko bara, mbali na bahari na mbali na vyuo vikuu vikubwa vya Dar es Salaam, na wengi wa wenyeji wake huzungumza Kinyaturu, Kinyiramba au Kigogo nyumbani kabla ya Kiswahili. Istilahi ikieleweka Mkalama na Ikungi bila mkalimani, hapana shaka itaeleweka kwingi. Pili, mazingira yenyewe hayaipi raha kompyuta: upepo na vumbi la kiangazi, radi za masika, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Mwenye kompyuta Singida anahitaji kujua namna ya kunusuru kazi zake kabla ya kujua mengine mengi.

Dhana yenyewe

Mfasiri asiyeifahamu dhana hawezi kuipa jina. Yafaa basi tuanze na dhana.

Kunusuru data ni zaidi ya kuwa na nakala ya pili. Mafundi wana kanuni iliyoenezwa na Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, katika miaka ya 2000, nayo huitwa kanuni ya tatu, mbili, moja. Kazi yoyote yenye thamani na iwe na nakala 3. Nakala hizo zikae katika vifaa vya aina 2, mathalani diski ya ndani ya kompyuta na diski ya nje. Na nakala 1 iwe nje ya jengo. Kanuni hii yatokana na hasara za watu. Diski mbili zilizomo katika kompyuta moja huibwa pamoja. Diski ya nje iliyoachwa imechomekwa mchana na usiku hupigwa na umeme uleule, na ikiingia programu hasidi ya kufunga mafaili na kudai fidia, kama ile iliyoenea duniani mwezi Mei 2017, hufunga yaliyomo katika diski zote mbili.

Mifano miwili ya nje itatosha kuionyesha dhana kwa ukamilifu. Mwaka 1998, katika kampuni ya Pixar huko Marekani, amri iliyotolewa kwa bahati mbaya ilifuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 iliyokuwa ikitengenezwa. Nakala za kampuni zilipotafutwa, ikaonekana kwamba hazikuwa nzima, na hakuna aliyekuwa amezijaribu. Filamu ilinusurika kwa sababu mmoja wa wasimamizi wake, Galyn Susman, aliyekuwa amejifungua na kufanyia kazi nyumbani, alikuwa na nakala katika kompyuta ya nyumbani kwake. Mfano wa pili ni wa tarehe 10 Machi 2021, mjini Strasbourg, Ufaransa, ambako moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVHcloud lililojaa kompyuta za kutunza data za wateja. Baadhi ya wateja walikuwa na nakala, lakini nakala zao zilikuwa palepale penye moto.

Kutokana na mifano hiyo twapata masharti matatu ya dhana hii. Nakala iwekwe mbali na asili yake. Iwekwe kwa utaratibu wa mara kwa mara, wala si siku moja katika mwaka. Tena ijaribiwe, ili ijulikane kwamba yaweza kurejeshwa. Istilahi nzuri si lazima iyataje masharti yote matatu, maana jina si maelezo. Lakini isimpeleke mtumiaji mahali pasipo na hata moja.

Hifadhi

Neno hifadhi liliingia katika kompyuta kwa heshima. Mwezi Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na katikati ya miaka hiyo kampuni ya Microsoft nayo ikatoa Windows yenye kiolesura cha Kiswahili. Tangu wakati huo mtumiaji amezoea kwamba kuhifadhi ni kile kitendo cha kuiandika kazi katika diski ili isipotee kompyuta izimwapo. Matumizi hayo ni sahihi, wala hatuyapingi.

Tatizo latokea neno hilohilo linapopewa kazi nyingine. Nafasi iliyomo katika diski huitwa hifadhi. Kuweka nyaraka za kale ni kuhifadhi. Kunusuru data nako, katika simu na kompyuta nyingi, huitwa kuhifadhi nakala. Kwa mwendo huo twaweza kutunga maelekezo yafuatayo bila kukosea sarufi hata kidogo: "Hifadhi kazi yako katika hifadhi, kisha hifadhi nakala katika hifadhi ya nje." Mwenye kuyasoma atatii agizo la kwanza na kudhani ametii yote.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa sekondari anayetunza alama za wanafunzi wake katika kompyuta ya nyumbani. Waraka wamwagiza ahakikishe kwamba alama zote zimehifadhiwa. Kila jioni anabofya Hifadhi, na kompyuta yamjibu kwamba faili limehifadhiwa. Siku diski inapokufa, alama za miaka miwili zinakufa nayo. Mwalimu huyu hakuasi agizo. Alilitii kama lilivyoandikwa, na kwa lugha aliyofundishwa na kompyuta yenyewe. Lawama ni ya istilahi.

Jambo hili lina uzito zaidi serikalini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Ikiwa waraka wa kuitekeleza watumia neno lenye maana nne, itakuwa vigumu kusema nani ametimiza wajibu na nani hakutimiza.

Nakala rudufu

Istilahi hii ndiyo iliyoenea zaidi katika maandishi ya kitaalamu, na ndiyo inayopendwa na wafasiri wengi. Uzuri wake ni kwamba imetofautiana na hifadhi. Hata hivyo ina kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni ya maana. Kurudufu ni kufanya kitu kuwa maradufu, na kwa walimu wa nchi hii neno hilo lina historia yake. Kwa miongo mingi shule zilikuwa na mashine za kurudufu, zenye karatasi za stensili na wino mweusi, na mitihani ilirudufiwa ili kila mwanafunzi apate karatasi yake. Nakala rudufu basi ni nakala za kugawa. Mwenye kuzitoa hutaka zitawanyike zitumike, ilhali mwenye kunusuru data hutaka nakala yake itulie isiguswe. Ni makusudio mawili yanayopingana.

Kasoro ya pili ni ya mkazo. Istilahi hii yataja umbo la kitu na kuacha kazi yake. Yasema tu kwamba kimefanana na kingine. Mtu akilinakili faili lake mara tatu katika folda moja ya diski moja, anazo nakala rudufu tatu, na kamusi itamuunga mkono. Lakini hana kinga yoyote. Mtumishi wa serikali naye ana mazoea yake: neno Nakala mwishoni mwa barua humwambia barua imepelekwa kwa nani mwingine. Hata huko ofisini, ile nakala inayobaki katika jalada la masjala haitwi rudufu. Huitwa nakala ya jalada au nakala ya ofisi, yaani hutajwa kwa kazi yake na mahali inapokaa. Makarani wa zamani waliona mbali kuliko wafasiri wa leo.

Chelezo na bakapu

Neno chelezo limeenea hivi karibuni, hasa kwa njia ya tafsiri zinazofanywa na mashine. Kamusi zatuambia kwamba chelezo ni kifaa cha kuelea majini, ama boya, ama magogo yaliyofungwa pamoja mtu akavukia. Mtetezi wake aweza kusema kwamba anayezama hukishika chelezo akaokoka, na kwamba data nazo zaokolewa hivyo. Aweza pia kukitaja kitenzi cheleza kwa njia ya kucha na kuchelewa, kwa maana ya kukiacha kitu kilale hata asubuhi. Maelezo hayo ni mazuri mno kwa darasa la isimu. Lakini mtumiaji hapewi darasa, apewa kitufe. Mwana Singida aliyeziona ngalawa pichani, au aliyewaona wavuvi wa ziwa Singidani na ziwa Kindai, hataliunganisha boya na diski ya nje asipoelezwa. Na istilahi inayohitaji kuelezwa kila inapotokea haijatimiza kazi ya istilahi.

Ama bakapu, mafundi hulitumia kwa sababu ni fupi na kwa sababu wao wameijua dhana kwanza kwa Kiingereza. Hatulikatai kwa ugeni wake. Kompyuta, faili, data na programu ni maneno ya kigeni, na Kiswahili kimeyapokea. Neno kompyuta limetamalaki Tanzania ingawa tarakilishi na ngamizi yalipendekezwa. Twalikataa bakapu kwa sababu halimpi mzungumzaji wa Kiswahili fununu yoyote ya kitendo, ilhali lugha yetu ina neno linalotoa fununu hiyo. Utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi ni kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Hapa hatua ya kwanza ilirukwa.

Wingu na kusawazisha

Kabla ya kutoa pendekezo hatuna budi kutaja istilahi mbili jirani, maana ndizo zinazoongeza utata.

Ya kwanza ni wingu, lenye kutaja kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti. Neno limeshazoeleka, na kulibadili ni kupoteza muda. Lakini wafasiri wasiandike kana kwamba kilichomo katika wingu kimenusurika daima. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Aliyekuwa na nakala yake wingunina diski nyingine nyumbani aliendelea na kazi. Aliyekuwa na ya wingu peke yake alingoja. Mkulima wa Singida, ambako mvua ni ya msimu mmoja kwa mwaka, anajua kwamba wingu laweza kupita bila kunyesha. Wahenga walitukataza kuacha mbachao kwa msala upitao.

Ya pili ni kusawazisha, yaani kuyafanya yaliyomo katika vifaa viwili yawe sawa wakati wote. Wengi hudhani kwamba simu yao ikisawazishwa na wingu, picha zao zimenusurika. La hasha. Usawa ni usawa hata katika kufuta: picha ikifutwa hapa, hufutwa na kule. Miongozo inayoweka kusawazisha na kunusuru chini ya kichwa kimoja inawapoteza watu.

Somo la ghala na zizi

Sasa tutazame jinsi watu wa Singida walivyokuwa wakinusuru mali yao kabla ya kompyuta, kwa maana huko ndiko neno linakopatikana.

Mkulima wa mtama na uwele hutenga mbegu na chakula. Nafaka ya kula hukaa ghalani na hupungua kila siku. Mbegu hutengwa, hukaa mahali pake, wala hailiwi hata njaa ikibisha hodi, na kabla ya mvua hukaguliwa isije ikawa imebunguliwa. Mfugaji naye hafungi ng'ombe wake wote katika zizi moja. Baadhi huwakabidhi kwa ndugu au rafiki wa kijiji kingine, ili maradhi au ukame ukipiga hapa, pale pabakie kitu. Mara kwa mara huenda kuwaangalia na kuwahesabu. Harold Schneider, mwanaanthropolojia wa Marekani, ameandika kwa kirefu juu ya nafasi ya mifugo katika uchumi wa Wanyaturu katika kitabu chake cha mwaka 1970, na mwenye kukisoma ataona kwamba ufugaji huo ni hesabu ya makini.

Ni kweli kwamba ng'ombe hagawanyiki kuwa nakala, na ulinganisho wowote una mpaka wake. Lakini yale masharti matatu yamo: kutenga, kuwa na utaratibu, na kukagua. Na Kiswahili, mtu akiulizwa ile mbegu ni ya nini na wale ng'ombe wa ugenini ni wa nini, humpa neno moja la kujibu. Ni akiba.

Neno hili tayari lina kazi tunayoitaka. Mchezaji wa akiba hukaa nje ya uwanja, akiwa na nguvu zake, tayari kushika nafasi ya aliyeumia. Jeshi la akiba huitwa siku ya haja. Akiba ya chakula ya taifa haiuzwi sokoni kila siku. Katika matumizi yote hayo akiba ni kitu kilichotengwa, kisichotumika sasa, na kinachotarajiwa kutumika kile cha kwanza kikishindwa. Hiyo ndiyo dhana tuliyoitafuta.

Pendekezo

Twapendekeza istilahi zifuatazo, kila moja na fasili yake.

1. Kuhifadhi: kuiandika kazi katika diski ya kompyuta inayotumika. Neno hili libaki kwa maana hiyo peke yake.
2. Kunakili: kufanya faili jingine linalofanana na la kwanza, popote liwapo.
3. Kusawazisha: kuyafanya yaliyomo katika vifaa viwili yawe sawa, pamoja na nyongeza na ufutaji.
4. Kuweka akiba: kunakili data kwa utaratibu wa mara kwa mara na kuzitenga katika kifaa au mahali tofauti, kwa nia ya kuzirejesha za asili zikipotea.
5. Nakala ya akiba: nakala iliyopatikana kwa njia hiyo.
6. Akiba ya mbali: nakala ya akiba inayokaa nje ya jengo lenye kompyuta, iwe kwa ndugu, ofisini au katika wingu.
7. Kurejesha: kuzirudisha data kutoka katika akiba hadi katika kompyuta.
8. Kukagua akiba: kurejesha baadhi ya data kwa majaribio ili kuthibitisha kwamba akiba ni nzima.

Kwa istilahi hizi agizo la mwalimu wetu laweza kuandikwa upya: "Hifadhi alama kila jioni. Kila Ijumaa ziweke akiba katika diski ya nje, kisha ichomoe. Kila mwezi peleka akiba ya mbali. Kila muhula kagua akiba." Hakuna neno linalorudiwa kwa maana mbili, na hakuna linalohitaji kamusi.

Pingamizi

Yapo mapingamizi mawili tunayoyatarajia. La kwanza litasema kwamba akiba ni neno la fedha, na kwamba mtu akiona kuweka akiba atafikiri benki. Twajibu kwamba muktadha hutosha, kama unavyotosha katika mpira na katika jeshi, na kwamba hata akikumbuka benki hajapotea, maana amekumbuka kitu kilichotengwa kwa siku ya shida. Aliyekumbuka mashine ya stensili ndiye aliyepotea.

Pingamizi la pili litasema kwamba nakala rudufu imeshaenea, na kuibadili ni kuwasumbua watu. Hili lina uzito. Hatupendekezi ifutwe kwa siku moja. Ibaki kwa maana yake halisi ya nakala iliyotolewa maradufu, na katika miongozo mipya neno akiba liandikwe mahali panapohitaji akiba. Maneno ikulu na ngeli, lile kutoka Kinyamwezi na hili kutoka Kihaya, nayo yaliwahi kuwa mageni masikioni mwa wengi, na leo hakuna anayeyashangaa.

Limebaki jambo moja ambalo wasomaji wetu waweza kulitimiza kuliko sisi. Kinyaturu, Kinyiramba na Kigogo bila shaka vina maneno yake ya mbegu iliyotengwa, ya ng'ombe waliokabidhiwa, na ya mtu anayewatunza. Huenda miongoni mwake limo neno moja fupi linaloshinda maneno yetu mawili. Tunawaomba walimu na watumishi walioko Singida wayakusanye maneno hayo pamoja na maana zake kamili, kama yanavyosemwa na wazee, wayalete katika jarida hili yajadiliwe. Hadi hapo, twashauri wafasiri wa programu na waandishi wa nyaraka za serikali watumie akiba, na waache kumwambia mtu kwamba kazi yake imehifadhiwa ilhali imelala katika diski moja.